Kutoka Mchungwa hadi Mwenye Nchi: Neno Raia na Mafunzo ya Vijana

Neno raia lilitoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake ni wa uchungaji: raia ni wachungwao, mtawala ni mchungaji. Baada ya Uhuru, Tanganyika ilijitwika kazi ya kumgeuza mchungwa huyo awe mwenye nchi.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 ili kuwafunza vijana kazi, nidhamu na utumishi. Utumishi huo ulipofanywa wa lazima kwa wasomi, wanafunzi waliandamana Dar es Salaam tarehe 22 Oktoba 1966, bango moja likidai kuwa afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Adhabu ilikuwa kali. Lakini na bango lile lilimkera mtu aliyeamini kwamba elimu ni deni.

Shuleni, mafunzo hayo yaliitwa Siasa, na kiini chake kilikuwa itikadi ya chama. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, Siasa iliipisha Uraia. Hapo ndipo neno la wachungwa lilipopewa dhima mpya, yaani kumfunza kijana sheria, haki zake na namna ya kuihoji serikali. Ajabu ni kwamba aliyejifunza haki na wajibu kwa Kiswahili katika shule ya msingi alifundishwa mambo yaleyale kwa Kiingereza sekondari, akikaribia umri wa kupiga kura. Sheria zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021, takriban miaka 60 baada ya Uhuru.