Mwami, Mteko na Ardhi ya Buha: Fikra za Utawala kutoka Ufalme hadi Ujamaa

Wanafunzi wetu wasomapo habari za mapinduzi makubwa ya dunia hupenda kuuliza ni lini ufalme ulikufa. Kwa China jibu ni jepesi: tarehe 12 Februari 1912 mfalme mtoto Puyi alijiuzulu, na ufalme uliodumu zaidi ya miaka 2,000 ukakoma. Kwa Buha, yaani nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, jibu si jepesi hivyo, na sababu yake yastahili kuchunguzwa na kila mchungaji atumwaye kule.

Mfalme wa China aliitwa Mwana wa Mbingu. Iliaminiwa kwamba Mbingu ndiyo iliyompa agizo la kutawala, na kwamba yaweza kumnyang'anya akipotoka. Mafuriko na njaa vilihesabiwa kuwa dalili zake. Yeye ndiye aliyetoa dhabihu katika Hekalu la Mbingu mjini Beijing, tena ndiye aliyeshika plau wakati wa masika kuufungua msimu wa kilimo. Kiti cha enzi na udongo vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Alipoanguka, vyote viwili vilianguka naye.

Waha walikuwa na mpango mwingine. Falme za Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo zilitawaliwa na wafalme wa Kitutsi, kila mmoja akiitwa mwami, na nguvu yao iliambatana na ng'ombe: aliyepokea ng'ombe wa bwana alifungwa kwake kwa utumishi. Lakini ardhi ilikuwa na mwenyewe. Huyo ni mteko, mtu wa koo za kale za Waha. Mgeni aliyetaka shamba alimwendea yeye, ugomvi wa mipaka ulifika kwake, na kuwaombea watu wa eneo lake mbele ya pepo wa nchi ilikuwa kazi yake. Msomaji wa 1 Wafalme 21 atamkumbuka Nabothi. Ahabu alikuwa mfalme kweli, lakini shamba la mizabibu lilikuwa urithi wa baba.

Wageni hawakuuona mpango huu. Wajerumani, kisha Wabelgiji tangu 1916 hadi 1921, kisha Waingereza, wote walimtazama mwami peke yake. Chini ya Gavana Donald Cameron, aliyefika 1925, mwami alifanywa mkusanya kodi na hakimu, na vijana wa Kiha wakaenda kukata mkonge mashariki ili wapate fedha ya kodi hiyo. Mteko hakuandikwa katika daftari. Twadhani kusahauliwa huku kulimfaa, maana ufalme ulipofutwa kwa sheria mwaka 1963, wakati wa Mwami Theresa Ntare wa Heru, yeye hakuwa na cheo cha kufutwa. Enzi iliondoka bila damu. Shamba likabaki palepale.

Mapinduzi yenyewe, kwa maoni yetu, yalikuja baadaye. Mwalimu Nyerere alizuru China Februari 1965 na kuvutiwa na maisha ya kutojifaharisha aliyoyaona. Azimio la Arusha likafuata 1967. Wapo wasemao vijiji vyetu ni nakala ya mashamba ya pamoja ya Mao. Hatukubaliani nao, kwa kuwa Mwalimu aliijenga hoja yake juu ya udugu wa jamaa ya Kiafrika. Hata hivyo Operesheni Kigoma, iliyoanza 1972, ilifanya jambo ambalo hakuna mwami aliyelithubutu: iliwahamisha watu kutoka milimani mwao, mbali na migomba na makaburi ya baba zao, ikawapanga katika vijiji. Mteko aliyehamishwa aliwekwa juu ya ardhi isiyomjua.

Leo, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, anayegawa ardhi ni halmashauri ya kijiji. Nusu ya kazi ya mteko imepata mrithi. Nusu ya pili, ile ya kuiombea nchi, haimo katika sheria yoyote, na mchungaji aletewaye mbegu kanisani kabla ya mvua azibariki ameipokea, ajue asijue.