Chungu cha Mlimani na Chungu cha Msituni: Historia ya Mapishi ya Masisi na Walikale

Historia ya Kivu ya Kaskazini, mkoa ulio mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kawaida huandikwa kwa majina ya makundi yenye silaha, ya madini na ya mikataba ya amani, na kwa sababu hiyo jiko, ambalo huhisi mapema kila badiliko la ardhi na la barabara, limesahauliwa. Hata hivyo, vyakula vya teritware za Masisi na Walikale (teritware ni mgawo wa utawala ulio chini ya mkoa) vinaonyesha wazi nani alipewa ardhi, nani aliipoteza, na njia zipi zilipitika katika kipindi kipi.

Walikale, iliyo kubwa kuliko teritware nyingine zote za mkoa huo, inateremka kuelekea magharibi hadi kwenye msitu wa bonde la Kongo, nako ndiko Wanyanga, Wakano na majirani zao walikojenga mapishi yao juu ya ndizi, mawese na nyama ya mitego. Ushahidi mzuri wa jambo hilo umo katika utendi wa Mwindo, ambao mwanaanthropolojia wa Kibelgiji Daniel Biebuyck aliurekodi kutoka kwa Wanyanga katika miaka ya 1950 na kuuchapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha. Shujaa wa utendi huo anaposhuka kuzimu, Muisa, mtawala wa huko, hamjaribu kwa upanga bali anamtaka alime na kupanda shamba la migomba litakalozaa siku ileile, kisha amrinie asali. Jamii inayompima shujaa wake kwa migomba na asali imekwisha kueleza kile ilichokithamini mezani. Ndizi zilichemshwa, zilichomwa, au ziliivishwa na kukamuliwa ili kupata pombe, ambayo katika Kivu yote hujulikana kama kasikisi, wala hakuna mahari iliyojadiliwa au ugomvi uliopatanishwa vizuri bila pombe hiyo kuwapo.

Masisi, upande wa mashariki, ni nchi ya milima, baridi na mvua nyingi, ambako Wahunde walilima mtama, maharagi, mahindi na ndizi, na ambako aliyepewa shamba alitoa mutulo, yaani sehemu ya mazao, mbuzi au pombe iliyopelekwa kwa mwami (mtawala wa jadi) ili kukiri kwamba ardhi ilikuwa chini yake. Maharagi na mahindi, kama ilivyo mihogo ambayo majani yake hupikwa kuwa sombe, asili yake ni Amerika, na yalikwisha kuzoeleka kabla Wabelgiji hawajaimarisha utawala wao. Viazi mviringo vilikuja baadaye, pamoja na wamisionari na walowezi.

Badiliko kubwa zaidi lilitokana na ardhi. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, shirika lililopewa mamlaka ya kuwagawia walowezi ardhi, nayo mashamba ya kahawa, chai na pareto yakaenea milimani. Kisha kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuwahamisha Wanyarwanda, ambao wengi wao waliwekwa Gishari, huko Masisi, ili walowezi wapate vibarua na ili Rwanda ipunguziwe msongamano. Wakimbizi wengine walifuata baada ya machafuko ya mwaka 1959 nchini Rwanda, na ng'ombe walipoongezeka, maziwa, hasa ya mgando, yakachukua nafasi pana zaidi katika mlo wa Masisi. Wakati Rais Mobutu alipotaifisha mali za wageni mwaka 1973, mashamba mengi yaliangukia mikononi mwa watu wenye uhusiano na wakubwa, na misitu na vishamba vya maharagi vikageuzwa kuwa malisho.

Katika mazingira hayo ndimo ilimostawi jibini ya Masisi, ambayo wenyeji huiita fromaji, na ambayo utengenezaji wake ulifundishwa na wamisionari wa Kibelgiji katika miaka ya 1970. Maziwa mabichi hupashwa moto katika sufuria kubwa juu ya kuni, hutiwa kigandishi, donge hukatwa na kukamuliwa, kisha hukandamizwa ndani ya vyombo vya mviringo, hutiwa chumvi na kulazwa juu ya mbao kwa wiki kadhaa mpaka gamba lake likauke. Inasifiwa Goma na Kinshasa, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini tangu mwanzo ilitengenezwa zaidi kwa ajili ya kuuzwa, na mchungaji anayekamua maziwa yake hula bugali na maharagi.

Majiko hayo mawili yalihitajiana, kwa kuwa maharagi ya mlimani yalitafuta mawese ya msituni, na mahali pa kukutana palikuwa sokoni. Si jambo dogo, basi, kwamba vita vya Masisi vya mwaka 1993 vilianzia sokoni Ntoto, katika ardhi ya Walikale, mwezi Machi, wakati Wanyarwanda waliposhambuliwa. Ng'ombe waliporwa kwa wingi, na baada ya wakimbizi wa Rwanda kumiminika mwaka 1994 hali ilizidi kuharibika. Huko Walikale, kuchimbwa kwa kasiteriti, jiwe linalotoa bati, huko Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulileta ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya lami huko Kilambo, zikileta bidhaa za dukani na kuondoka na madini; hivyo katikati ya msitu wenye mito na ardhi yenye rutuba, watu walizoea kula chakula kilichoshuka kutoka angani kwa bei ya angani.

Mnamo Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Sake, mji mdogo ambapo njia ya Masisi inafika kwenye tambarare ya Ziwa Kivu, na mwezi Machi wakaingia katika mji wa Walikale, ambao waliuacha mwanzoni mwa Aprili. Wapishi wa Goma wanaotegemea maharagi, viazi na fromaji kutoka Masisi hawakuhitaji tangazo la redio ili kujua kwamba Sake imefungwa.