HABASODA NA KALAMU ZA WACHORAJI



Ni nadra kukuta nyumba ya Kiislamu katika mwambao wetu isiyoijua habasoda. Mama zetu waliitwanga, wakaichanganya na asali, wakatulambisha tuliposhikwa na mafua. Nasi masheikh hatuchoki kuisimulia Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa katika mbegu hii mna ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti.

Mimi nimeisimulia Hadithi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku moja chuoni, mwanafunzi wangu wa miaka kumi aliniuliza: "Maalim, na ua lake likoje?" Nikanyamaza. Nilikuwa sijui. Haukupita muda, bibi mmoja jirani akaniletea kifurushi alichouziwa kwa jina la habasoda. Nikakitazama, nikakisifu, nikamwombea dua. Kumbe zilikuwa mbegu za vitunguu! Aliyenizindua ni mkulima wa bustani, mtu asiyejua kusoma. Aibu hiyo ndiyo iliyonisukuma kutafuta, na niliyoyapata ndiyo ninayokuletea leo.

Mmea wa habasoda ni mdogo, hauvuki magoti ya mtu mzima. Majani yake ni membamba kama nyuzi. Ua lake ni jeupe lililoingia ubuluu. Likishapukutika hubaki tumba lililovimba, lenye vipembe juu yake, na ndani ya tumba hilo ndimo zilimo mbegu tunazozijua. Wataalamu wa mimea wanauweka katika ukoo waitao kwa Kilatini Ranunculaceae, jina litokanalo na neno lenye maana ya chura mdogo, kwa kuwa mimea mingi ya ukoo huo hupenda mahali penye majimaji.

Katika ukoo huo huo limo ua jekundu la nchi ya Sham, shaqaiqun-Nuuman, ambalo Waarabu hulinasibisha na Nuuman, mfalme wa Hira. Mwanachuoni wa dola ya Uthmaniya, Tashkopruzade, aliyefariki mwaka 1561, alikipa kitabu chake cha maisha ya maulamaa jina la ua hilo. Na katika ukoo huo huo umo mmea ambao matabibu wa Kiarabu waliuita bish, ambao mzizi wake humuua mtu. Tazama basi, ndugu msomaji: ukoo mmoja, huyu dawa, huyu pambo, na huyu sumu!

Ndiyo maana jina peke yake halikutosha. Hata katika Hadithi yetu, maulamaa walijiuliza ni mbegu gani hasa iliyokusudiwa. Ibn Shihab az-Zuhri alisema ni shuniz, nayo ndiyo habasoda yetu, na kauli hiyo ndiyo mashuhuri. Lakini imepokewa kutoka kwa Hasan al-Basri kwamba ni haradali. Ikiwa watu wa daraja hiyo walihitalifiana katika jina, itakuwaje kwangu mimi na bibi jirani?

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa picha. Katika karne ya kwanza ya Miladi, tabibu wa Kiyunani aitwaye Dioscorides alitunga kitabu kikubwa juu ya dawa. Shuniz aliitaja, na akaonya kwamba inasemekana huua ikinywewa kwa wingi. Mnamo mwaka 512 hivi, huko Constantinople, ilitengenezwa nakala ya kitabu hicho kwa ajili ya binti wa kifalme, Anicia Juliana, yenye karibu picha 400 za mimea. Karne zikapita, mji ukawa Istanbul, na nakala hiyo ikawa mikononi mwa ukoo wa Moses Hamon, tabibu wa Kiyahudi wa Sultani Suleiman. Waliokisoma waliandika majina ya Kiarabu pembeni mwa picha. Mwaka 1569 kilinunuliwa kwa ajili ya Kaisari wa Vienna, na mpaka leo kimehifadhiwa katika mji huo.

Kitabu cha Dioscorides kilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, wakati wa Khalifa al-Mutawakkil, aliyetawala kuanzia mwaka 847 hadi 861. Mfasiri alikuwa Istifan bin Basil, na msahihishaji Hunayn bin Is-haq. Istifan alifanya jambo linalonifunza mno. Mmea ambao hakulijua jina lake kwa Kiarabu, hakuubunia jina. Aliliacha lile la Kiyunani kama lilivyo, akitaraji kwamba Mwenyezi Mungu atamleta baada yake atakayelijua.

Na akaletwa. Mwaka 948 mfalme wa Rumi alimpelekea Khalifa Abdurrahman wa Tatu, huko Qurtuba katika Andalus, nakala ya Kiyunani yenye picha za kupendeza. Hapakuwa na mtu mjini aliyeweza kuisoma. Mwaka 951 akaja padri aitwaye Nikola, ajuaye Kiyunani na Kilatini. Matabibu wa Kiislamu wakaketi pamoja naye na pamoja na Hasdai bin Shaprut, Myahudi, wakaulinganisha mmea mmoja baada ya mwingine, mpaka yakabaki majina machache tu yasiyojulikana.

Lakini aliyenigusa zaidi ni Rashiduddin as-Suri, aliyefariki Damascus mwaka 639 wa Hijra. Habari zake ameziandika rafiki yake, Ibn Abi Usaybia. Mtu huyu hakutosheka na kunakili picha za waliotangulia. Alipanda milima ya Lebanon akifuatana na mchoraji aliyechukua rangi za kila namna. Akiukuta mmea, huuhakiki, kisha humwonyesha mchoraji, naye huuchora kwa rangi yake, na kadiri ya majani yake, matawi yake na mizizi yake. Wala hawakuuchora mara moja. Waliuchora ukiwa mbichi, wakauchora umekomaa na kuzaa mbegu, wakauchora umekauka. Kwani mtu huenda akaukuta mmea katika hali yoyote kati ya hizo, na hapana budi autambue.

Huenda ukaniuliza, ndugu msomaji, je, si tumekatazwa kuchora? Ibn Abbas (R.A.) alimwambia mchoraji aliyemwendea kwamba ikiwa hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Mlango huo ndio walioupitia wachoraji wa mimea, nao wakaugeuza kuwa ibada ya kuwanusuru wagonjwa.

Kitabu cha as-Suri kimepotea. Jina la mchoraji wake halikuandikwa. Miaka 300 baadaye, mwaka 1542, Mjerumani Leonhart Fuchs alichapisha kitabu cha mimea chenye picha zaidi ya 500, na mwishoni akaweka sura za wachoraji wake wawili na mchongaji wao, pamoja na majina yao. Yule wa kwetu hatujui hata aliitwa nani. Lakini Yule asiyesahau anamjua, na ujira wa aliyefanya kazi kwa uaminifu haupotei Kwake.

Ndugu zangu, tumechukua Hadithi tukaiacha mbegu. Tunanunua chupa yoyote iliyoandikwa jina tukufu, wala hatuulizi ndani mna nini. Muuzaji akumbuke kwamba kuuza kisicho habasoda kwa jina la habasoda ni ghushi, na mwenye kughushi Mtume (S.A.W.) amejitenga naye. Mnunuzi naye atazame na aulize, wala asiache kwenda hospitali kwa kisingizio cha kutegemea mbegu, kwani al-Khattabi na wengineo wamefafanua kwamba lile neno "kila" halikukusudiwa maradhi yote bila ya kubagua.

Ama mimi, nimepanda habasoda kwenye kopo, uani. Ilipochanua nilimwita yule mtoto, nikampa karatasi na kalamu za rangi. Nikamwambia: "Swali lako hili hapa. Lichore leo, ulichore likizaa, na ulichore likikauka."

Wabillahi Tawfiq.