Ratiba ya Baraza na Lugha Yake: Kutoka Majimbo ya 1963 hadi Bunge la Kaunti ya Kilifi

Historia ya mabaraza ya kutunga sheria katika pwani ya Kenya imezoeleka kuandikwa kama historia ya viongozi na vyama vyao. Namna baraza linavyoigawa kazi yake kwa siku na saa ni jambo linaloachiwa makarani. Hata hivyo nguvu za baraza hutegemea mno ratiba yake, na ushahidi wa jambo hili umo katika eneo la Kilifi na Malindi, ambalo katika muda wa miaka 50 limepata mabaraza mawili yaliyo tofauti sana.

La kwanza ni Baraza la Jimbo la Pwani, lililozaliwa na katiba ya 1963. Rais wake alikuwa Ronald Ngala, Mgiriama, mwalimu kwa kazi yake, ambaye mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa Waafrika 8 wa kwanza kuingia kwa kura katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni. Kwenye karatasi majimbo yalipewa kazi nyingi. Lakini kukabidhiwa kwa kazi hizo, pamoja na fedha za kuzitekelezea, kulikuwa mikononi mwa serikali kuu, nayo ikawa inaahirisha. Baraza lisilokabidhiwa kazi huweza kukutana na kuhutubiana, ila halina la kuamua. KADU, chama cha Ngala, kilivunjwa tarehe 10 Novemba 1964; mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, majimbo yakanyang'anywa mamlaka yake, na mabaraza yaliyosalia yakafutwa kabisa mwaka 1968. Inafaa kutajwa hapa kwamba neno lenyewe limehama: jimbo, ambalo kwa Ngala lilikuwa pwani nzima, sasa huweza pia kumaanisha eneo la mbunge mmoja tu.

La pili ni Bunge la Kaunti ya Kilifi, lililoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Lina wawakilishi 35 waliochaguliwa na wadi, pamoja na wale wa kuteuliwa, na hukutana Malindi, ilhali makao ya gavana yako mjini Kilifi. Tofauti kubwa kati yake na lile la Ngala ni kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imefunga mwaka wa bunge hili kwa tarehe: mkakati wa fedha huwasilishwa kufikia 28 Februari, makadirio ya matumizi kufikia 30 Aprili, na kazi yote ya bajeti humalizika kabla ya 30 Juni. Kamati inayopanga shughuli haina hiari katika tarehe hizo. Miswada mingine, na hasa ile ya wawakilishi wa kawaida, hupata nafasi katika mianya iliyobaki.

Wala kalenda hiyo haijitegemei. Mwaka 2019 Seneti na Bunge la Taifa zilivutana juu ya mgawo wa kaunti hadi Septemba, na kaunti zote 47 zikaingia mwaka mpya wa fedha bila kujua kwa hakika zitapata nini. Kivuli cha 1963 hakijaondoka kabisa.

Lakini liko shinikizo jingine ambalo halimo katika tarehe zozote, nalo linawahusu wanalugha zaidi. Mwaka 1974 Rais Kenyatta aliamuru Bunge lizungumze Kiswahili. Miswada ikabaki katika Kiingereza, na mwaka 1979 Kiingereza kikarejeshwa katika mijadala pia. Mpasuko huo kati ya lugha ya karatasi na lugha ya ulimi ndio uliorithiwa Malindi. Mswada (neno lililotokana na Kiarabu, lenye maana ya andiko la awali) huchapishwa kwa Kiingereza. Katika kusomwa mara ya kwanza hutajwa kichwa chake tu. Kusomwa mara ya pili ni mjadala wa jumla, na hapo Kiswahili hutosha. Ugumu huanza katika kamati ya bunge zima, kifungu kwa kifungu: pingamizi lililoelezwa vizuri kwa Kiswahili halina budi kugeuzwa liwe marekebisho ya maneno ya Kiingereza, tena kwa maandishi, kabla ya kupigiwa kura.

Katiba ya 2010, ibara ya 196, inataka wananchi washirikishwe katika kazi ya bunge la kaunti. Basi andiko lile lile hupelekwa kwa wasemaji wa Kigiriama na Kiswahili huko Ganze na Magarini, ambako afisa aliyetumwa ndiye mfasiri, kwa mdomo na papo hapo. Istilahi za fedha anazozitumia si lazima ziwe ndizo atakazozitumia mwenzake katika wadi ya pili. Katika Bunge la Taifa, Kanuni za Kudumu zilipata toleo la Kiswahili mwaka 2019. Hilo limewapa wasemaji majina ya hatua za mswada. Majina ya yaliyomo ndani ya mswada wenyewe bado hutafutwa na kila mtu kivyake, na katika siku zinazohesabiwa kati ya 30 Aprili na 30 Juni hakuna hata moja iliyotengewa kazi ya kufasiri.