Ukuta wa Mama na mawe ya Engaruka

Mwaka ule nilirudi nyumbani Mutoshi na lisansi yangu ya agronomi mkononi, mama alikuwa amejengesha ukuta nyuma ya nyumba, kushikilia udongo wa mtelemko. Matofali na simenti, umepakwa vizuri, bila tundu hata moja. Mwezi wa pili, mvua ilinyesha siku tatu. Ukuta ukalala juu ya bustani ya lengalenga. Mama akaniuliza tu: "Mwanangu, masomo yako inasema nini?" Nilinyamaza.

Jibu nililipata kwenye historia.

Kule Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wakulima walitengeneza mashamba ya ngazi na mifereji kwa mawe matupu, bila simenti. Walihama karne ya 18, lakini mawe yao ingali pale. Wakonso wa Ethiopia nao wanajenga vile, kuta zingine zinafika mita 5, na wanazitengeneza mpaka leo. UNESCO iliziandika mwaka 2011. Mwisho wa karne ya 19, Waitalia walitia mawe ndani ya nyavu za chuma ili kushika kingo za mto: njo yale magabioni tunayoona kando ya barabara.

Wote walijua siri moja: maji ipite. Maji ikisimama mita 2 nyuma ya ukuta, kule chini inasukuma karibu tani 2 kwa kila mita mraba. Kwa hiyo si udongo peke yake uliangusha ukuta wa mama. Ni maji iliyokosa mlango.

Basi, uchague nini? Ukuta mfupi, panga mawe makavu, uinamishe kidogo kuelekea kilima. Ukitaka matofali, acha matundu chini na weka changarawe nyuma. Ukuta mrefu kukupita, ita injinia.

Na sisi watu wa Mutoshi, ile Ruwe ya wazee, tuangalie: mawe ya mabaki ya mgodi iko karibu na bei yake ni ndogo, lakini yale yenye rangi ya kijani iko na shaba. Usiyapange juu ya bustani. Maji itakayopita mle itashuka kwenye mboga.

Mama amejenga tena, kwa mawe makavu. Safari hii aliniuliza mbele ya kuanza.