Maisha ya Bibi Hattie McDaniel, Mchezaji wa Sinema

Leo tutazungumza habari za mwanamke mmoja wa Marekani, mchezaji wa jukwaani na wa sinema. Kabla hatujaanza, lishike swali hili moyoni: mtu aliyefungiwa milango yote isipokuwa mmoja, akiingia kwa mlango huo mmoja, je, amefanya vibaya? Tutalirudia mwishoni.

Hattie McDaniel alizaliwa mwaka 1893 katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas. Alikuwa kitinda mimba katika jamaa yenye watoto wengi. Baba yake na mama yake walikuwa wamezaliwa utumwani. Baba alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865, na utumwa wa Marekani ukakomeshwa mwaka ule ule. Lakini kupata uhuru ni jambo moja, na kupata riziki ni jambo jingine. Baba alibaki na majeraha ya vita, na mama alifanya kazi katika nyumba za watu. Baadaye wakahamia Denver, jimbo la Colorado. Huko Hattie, akiwa bado msichana wa shule, alipata nishani kwa kughani shairi mbele ya watu. Hapo ndipo alipoona njia yake.

Alicheza jukwaani pamoja na ndugu zake, akaimba katika bendi na katika redio, na kati ya mwaka 1926 na 1929 akatia nyimbo zake katika sahani za santuri. Mwaka 1929 biashara ya Marekani ikaanguka, na majumba mengi ya michezo yakafungwa. Hattie alijikuta Milwaukee hana kazi. Kazi aliyoipata ni ya kuhudumia wanawake katika chumba cha kunawia, ndani ya klabu ya usiku. Mwishowe aliruhusiwa kuimba hapo hapo, na watu wakampenda.

Mwaka 1931 alikwenda Los Angeles, karibu na Hollywood. Alisikika katika redio, lakini malipo hayakutosha, akawa akifanya pia kazi ya utumishi wa nyumbani. Angalia jambo hili: alipoanza kupata nafasi katika sinema, alipewa kucheza kazi ile ile, yaani mpishi, yaya au mtumishi. Mwanamke mweusi hakupewa kucheza mwalimu, wala mganga, wala mke wa tajiri. Hattie alicheza watumishi mara nyingi sana, lakini watumishi wake walikuwa na ulimi. Walijibu, walikemea, na mara nyingine walionekana wana akili kuliko bwana na bibi zao.

Sinema iliyompa sifa kubwa ilitoka mwaka 1939, jina lake Gone with the Wind. Humo alicheza mtumwa mwenye kumlea binti wa shamba kubwa la Kusini. Sinema hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza, mwezi wa Desemba mwaka 1939 mjini Atlanta, Hattie hakuhudhuria. Katika jimbo la Georgia watu weusi walitengwa na weupe kwa sheria. Uso wake ulikubaliwa ukutani penye sinema, lakini mwenyewe hakukubaliwa kitini.

Tarehe 29 Februari 1940 alipewa tuzo ya Oscar, akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Hata usiku ule, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, aliwekwa katika meza ndogo ya kando, mbali na wenzake waliocheza naye. Alitoka mezani pale, akaenda kupokea tuzo, akarudi pale pale.

Basi ugomvi ukaja, tena ukatoka kwa watu wake mwenyewe. Walter White, kiongozi wa chama cha NAACP kilichopigania haki za watu weusi, alisema kwamba sinema za namna hii zinawafundisha watu kuamini kwamba mtu mweusi ameridhika kutumikia. Hoja hiyo haikuwa ndogo, maana picha inayoonwa na mamilioni ya watu ni mwalimu mwenye nguvu. Jibu la Hattie linalokumbukwa ni hili: ni heri kulipwa vizuri kwa kuigiza utumishi kuliko kulipwa senti chache kwa kuwa mtumishi hasa. Wahenga wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Kwa fedha za kazi yake Hattie alinunua nyumba kubwa Los Angeles, katika mtaa ulioitwa Sugar Hill. Hati za viwanja vya hapo zilikuwa na sharti kwamba asiyekuwa mzungu asikae. Baadhi ya majirani weupe wakamshtaki yeye na watu weusi wengine, ili watolewe. Hattie hakuhama. Akakutana na wenzake, wakajitetea kwa pamoja, wakili wao akiwa Loren Miller. Mwezi wa Desemba mwaka 1945 hakimu Thurmond Clarke aliifuta kesi. Alisema kwamba Katiba ya Marekani imewaahidi watu wote ulinzi sawa wa sheria, na umefika wakati wa kuitimiza ahadi hiyo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, Mahakama Kuu ya nchi ikakata kwamba masharti ya namna ile hayawezi kutiwa nguvu na mahakama yo yote.

Hattie alikufa tarehe 26 Oktoba 1952. Alitaka azikwe katika makaburi ya Hollywood, akakataliwa kwa ajili ya rangi yake, akazikwa Rosedale. Mwaka 1999 nguzo ya kumkumbuka ilisimamishwa katika makaburi yale yale yaliyomkataa.

Turudie swali letu. Waliomlaumu walitazama nguo alizovalishwa kazini, wala hawakukosea kusema kwamba nguo zile ziliwaumiza wengi. Lakini mwanamke yule yule aliyeinama katika sinema alisimama wima mahakamani, na fedha zilizoinunua nyumba ile zilitoka katika kazi iliyolaumiwa. Ukitaka kumpima mtu, tazama kazi aliyopewa, kisha tazama alivyoitumia.

Maswali ya kuzungumza katika darasa lenu:
1. Kwa nini Walter White alizichukia sinema zile? Je, wewe ungekubaliana naye?
2. Sharti la Sugar Hill lilikuwa na kosa gani?
3. Taja kazi moja inayodharauliwa kwenu. Anayeifanya hutunza nani kwa mshahara wake?