Cheti cha PMP: kijana wa Pwani aliye Eastlands aanzie wapi?

Vijana wetu wanaokaa Umoja, Kayole na Buruburu huulizia sana cheti cha PMP, kitolewacho na taasisi ya PMI ya Marekani. Kwanza uwe umeongoza miradi kwa miaka kadhaa, kisha upate saa 35 za mafunzo. Asiye na uzoefu aanze na CAPM: saa 23 za mafunzo, maswali 150, saa tatu. Usitie chumvi, PMI hukagua baadhi ya maombi, na ukweli ni amana. Nyumbani kukiwa na kelele, nenda Maktaba ya Kaloleni, tawi la McMillan. Soma kila siku baada ya Alfajiri. Ada ni ya dola, na ukianguka unalipa tena, jipime kwanza.